Jinsi ya kukaa na majirani mkumbushane sikukuu za zamani, na waliotutoka wakiwemo

Sisi watu wa maesteti hatuna makaburi. Naongelea esteti kama Walukuba hapa Jinja, Uganda, zile nyumba za wafanyakazi enzi viwanda vinawaka, Nytil ya vitambaa, kiwanda cha kuyeyushia shaba ya Kilembe, bwawa la umeme, watu wakatoka kila pembe ya nchi na wengine Kenya na Kongo wakaja kukaa ukuta kwa ukuta na Kiswahili kikawa ndio cha kuelewana. Mtu akifa huku kikundi cha kuzikana kinachanga, gari linatafutwa, tangazo linasomwa redioni, alfajiri maiti inaondoka kwenda kwao Gulu ama Arua ama Tororo ama ng'ambo ya Busia huko, na sisi tunabaki kukunja turubai na kurudisha viti. (Waislamu wengi wanazikwa hapahapa na mapema, lakini hata wao watoto wakishahama nani anaenda kupalilia.) Mwaka ukigeuka hakuna kaburi la kufagia, na nyumba yake ishaingia mpangaji mwingine ambaye hajui kabisa kwamba kwenye ile baraza ndo ilikuwa inapikwa Krismasi ya laini nzima ya nyumba.

Kwa hiyo mtaa ukitaka kuwakumbuka watu wake lazima utafute siku na mahali. Hapa naandika jinsi ya kufanya hiyo jioni moja, na ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: msiite watu kuja kukumbuka marehemu, waiteni kuja kusimulia sikukuu.

Manake ukitangaza "kikao cha kumbukumbu ya marehemu wetu" unajua kitakachotokea, utapata emsii, utapata mwenyekiti na salamu zake, utapata mtu anayetafuta kura mwaka ujao, watu wamekaa wamenyooka kwenye viti vya plastiki wanasubiri kula, na marehemu wote watakuwa walikuwa wapole, wacha Mungu na wapenda watu. Lakini uliza tu "jamani, Krismasi ya wakati wa Obote wa pili, nguo mlikuwa mnatoa wapi?" (yaani 1980 mpaka 85, Obote aliporudi madarakani) na ukae pembeni usikilize. Mmoja atasema kulikuwa na fundi pale karibu na bomba, watoto wote wa nyumba moja anawashonea kitambaa kimoja, wavulana mashati wasichana gauni, hadi ukiona rangi unajua huyu ni wa kwa nani, mwingine atasema lakini yule fundi alikuwa anachelewesha bwana, nguo ya Krismasi unaipata mwaka mpya, wa tatu atasema usimseme vibaya alikuwa na kifua kile kilichokuja kumuua. Tayari mshamkumbuka, tena mmemkumbuka na kifua chake na uongo wake wa "njoo kesho", sio yule malaika wa kwenye hotuba.

Kuchagua siku

Hapa wengi wanakosea kwa kufikiri siku ya kukumbuka Krismasi ni Krismasi. Mwenye hela Desemba 25 hayupo, yuko kijijini kwao, na asiye na hela yuko nyumbani anajiuliza nauli ilipandaje vile. Tarehe 26 ndo kabisa, waliobaki wamelala. Mimi naona Jumapili ya pili ya Desemba ndo inafaa, shule zishafungwa watoto wa bodingi wamerudi, mabasi hayajapandisha bei, wazee bado wako. Kama mtaa una Waislamu wengi basi Idi mosi iacheni iwe ya familia na kutembeleana, kaeni Idi pili au tatu jioni baada ya Alasiri.

9 Oktoba, Siku ya Uhuru, pia ni nzuri kwa sababu ni siku ya mapumziko isiyo na dini ya mtu, na mzee yeyote aliyekuwa mkubwa kidogo 1962 ana kitu cha kusema juu ya bendera ya Waingereza kushushwa, hata kama alisikia redioni tu na sio uwanjani Kololo kwenyewe. Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, hapana, ile siku ina wenyewe na ina mahujaji, wale wanaotembea kwa miguu kutoka Kenya na mashariki kwenda Namugongo wanapita kwetu hapa siku kadhaa kabla, miguu imevimba, kwa hiyo ukiwa na nguvu za kujitolea siku hizo chemsha maji uwape. Ila hadithi za waliowahi kutembea Namugongo zikusanyeni kwenye jioni yenu, hizo ni tamu sana. Kuna wamama wanakumbuka mwaka Papa alikuja na walilala wapi na nani aliibiwa viatu. Waulize tu Papa yupi, kwa sababu wamekuja watatu, 1969, 1993 na 2015.

Waacholi wa mtaani wanaweza kuwaambia wanapendelea Februari 16, siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa 1977. Wasikilizeni. Na kama jirani yenu ametoka Barlonyo kule Lira au Lukodi ya Gulu, huko wana siku zao za maombi kila mwaka, Februari 21 na Mei 19, za watu waliouawa na waasi 2004, msimpangie kikao chenu tarehe hizo na mumtegemee aje kucheka.

Ruhusa na hela, haraka haraka

Mwambieni mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, mapema, kwa mdomo alafu kwa karatasi, watu wangapi, saa ngapi mpaka saa ngapi, hakuna siasa. Muombeni aje kama jirani na sio kama mgeni rasmi, atanuna kidogo alafu atakuja. Spika kubwa msikodi. Watu kama thelathini wanasikilizana bila spika, na spika ikishakuwepo lazima kijana mmoja ataweka muziki.

Mchango uwe mdogo kiasi kwamba hata mama anayeuza sukuma asione haya, utumwe kwenye namba moja ya mobail mani ya mtu mmoja anayejulikana, na orodha ya waliochanga msiitupe kwenye grupu na kiasi cha kila mtu, hiyo tabia inafukuza watu wazuri. Anayeshindwa kuchanga alete kuni ama jerikani ya maji.

Chakula: kila nyumba ilete kidogo cha sikukuu ya kwao

Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu chakula ndo kinafanya nusu ya kazi. Msipike sufuria moja la pilau la watu wote. Ni rahisi ndio, lakini pilau la mchango halimkumbushi mtu chochote, ni lilelile la harusi na la mkutano. Waambie kila nyumba ilete bakuli moja la kile walichokuwa wanakula sikukuu kwao, kidogo tu cha kuonja. Mtashangaa. Mganda atakuja na kuku wa luwombo amefungwa kwenye jani la ndizi, na mpaka jani lifunguliwe ushasikia habari ya nani alimfundisha kubabua jani kwenye moto bila kulipasua. Mgisu ataleta malewa, yale machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi, yamepikwa na karanga. Mteso na atapa yake, ule ugali wa ulezi. Mama wa Kiacholi na mboga ya malakwang iliyokolea odii, ile siagi ya karanga na ufuta. Wa Arua na angara, samaki mkavu, na harufu itajaza uwanja mzima na hakuna atakayelalamika. Mnubi akileta gurusa, mkate wao mwembamba, shukuruni Mungu.

Alafu muweke utaratibu huu mmoja tu: kabla bakuli halijafunguliwa aliyelileta aseme alijifunza kwa nani na sikukuu gani. Sentensi mbili tatu. Usimwambie "tusimulie kumbukumbu yako", hapo mtu anaganda, muulize "huyu samaki nani alikuwa anakupikia?" Jibu litakuwa jina la mtu, na mara nyingi ni mtu ambaye hayupo. Andika hilo jina palepale kwenye kaunta buku, na kando yake andika chakula. Jioni ikiisha mtakuwa na ukurasa unaosema mama fulani, kuku wa luwombo, bibi yake fulani, malewa, mzee fulani wa reli, mahindi ya kuchoma usiku wa mkesha. Hiyo ndo orodha yenu ya marehemu na hakuna mtu alihisi yuko msibani.

Pombe. Kila mtu ataniuliza. Ajono au malwa kwenye chungu na mirija yake ni kitu cha heshima kwa watu wengi wa mashariki na wazee wanasimulia vizuri mrija ukiwa mdomoni, lakini mtaa wenye Waislamu na walokole ndani hapo utagawanyika kabla ya chai. Wazee wa chungu wafanye kikao chao kwingine siku nyingine na mmoja wenu aende na simu. Wale ndo wana hadithi ndefu kushinda wote.

Maswali yanayofungua mdomo

Wapeni watoto kazi ya kuuliza. Mtoto wa miaka kumi akiuliza mzee anajibu mpaka mwisho, mtu mzima akiuliza mzee anajiuliza huyu anataka nini. Watoto wapewe maswali mapema wayaandike wenyewe kwa mkono wao:

Ulipewa nini na nani siku ya Idi ulipokuwa mdogo kama mimi?
Soda ilikuwa moja moja au mnagawana? Nani alikuwa anapima?
Ng'ombe wa Krismasi alikuwa anachinjwa wapi na kichwa kilikuwa kinaenda kwa nani?
Ni Krismasi gani hamkula kitu?
Nani alikuwa anacheza vizuri kuliko wote, na sasa yuko wapi?

Hilo la mwisho ulizeni mkiwa mmeshashiba. Na lile la "hamkula kitu" ndo zito kuliko yote, linaleta 1979, linaleta miaka ya foleni za sukari na sabuni, linaleta pia lokidauni, ile Idi ya 2020 ambayo watu waliswali sebuleni kwao na watoto wakaja kurudi shule wote Januari 2022. Vijana wanaodhani hawana historia ya kusimulia wakumbusheni hiyo lokidauni. Kuna watu tuliwazika wakati ule bila msiba wa maana, watu wachache wamesimama mbalimbali wamefunika mdomo, na hawajawahi kuzungumziwa vizuri.

Swali baya ni "zamani sikukuu zilikuwaje?" Jibu lake ni "ah, zilikuwa nzuri, watu walikuwa wanapendana, siku hizi hakuna" na hapo umefunga bomba.

Mwaka gani? Jinsi ya kupata tarehe bila kumkera mzee

Wazee wetu wengi hawakumbuki mwaka kwa namba, wanakumbuka kwa tukio, na mtoto wa chuo akianza "lakini mzee hiyo haiwezi kuwa 74" mazungumzo yamekufa. Usibishane. Uliza kilichokuwa jirani na hilo tukio, alafu wewe kaa pembeni upige hesabu.

Mkimbiaji Akii-Bua alipoleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Munich ni 1972, na mwaka huohuo ndo Wahindi walipewa siku 90 waondoke, kwa hiyo ukisikia "Krismasi ya kwanza maduka ya Main Street yakiwa yamefungwa" ujue ni Desemba 72. Cranes, timu ya taifa ya mpira, kucheza fainali na Ghana kule Accra ni 1978. Amin kukimbia ni Aprili 1979, Krismasi ya mwaka huo ndo ya askari wa Tanzania mitaani. Museveni kuingia Kampala ni Januari 1986. Hela kukatwa sifuri mbili ni 1987, kwa hiyo akisema alinunua gauni la gomesi la Krismasi kwa pesa iliyojaza mfuko wa karatasi, ni kabla ya hapo.

Wagisu ndo rahisi zaidi, mzee wa Kigisu hasahau mwaka aliotahiriwa, na imbalu ni miaka ya shufwa, kwa hiyo akisema "ilikuwa Krismasi baada ya imbalu ya ndugu yangu" basi mwaka huo unagawanyika kwa mbili, ushapunguza nusu ya kazi.

Kwa Waislamu kuna ufundi mwingine naupenda sana. Idi inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo msimu wenyewe unakupa mwaka. Bibi akisema "Idi ndogo na Krismasi zilifuatana, tulikula wiki nzima, Wakristo wanatuletea sisi tunawapelekea", hiyo ni 2000, Idi ndogo ilikuja siku mbili hivi baada ya Krismasi. Kama wakati huo alikuwa bado msichana, basi rudi nyuma mzunguko mzima, ni mwishoni mwa miaka ya 60. Ila muulize kama ni ndogo au kubwa, maana Idi kubwa nayo iliangukia mwisho wa Desemba 2006, watu wakachinja na siku moja mbili baadaye mwaka mpya.

Na safari za kwenda kwao, kama alienda na treni ya abiria kupitia Tororo, Mbale, Soroti mpaka Gulu na Pakwach basi ni zamani, vijana wa leo hawajawahi kukata tiketi hiyo. Muulize alibeba nini. Kuna waliobeba godoro, kuna waliobeba kuku akawika njia nzima.

Kurekodi

Simu yoyote inatosha. Kabla ya kuanza iweke ile alama ya ndege ili isiite katikati, maana shemeji yako lazima atapiga wakati mzee anafika penye utamu. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu na msimuliaji, usiiweke mezani moja kwa moja, kila kikombe kitakachowekwa kitalia kama bomu. Rekodi sekunde kumi, sikiliza, ndo uendelee. Mvua ikianza na mko chini ya mabati zima tu, hutasikia chochote, kunyweni chai mpaka ipite.

Mwanzoni mwa kila rekodi sema kwa sauti tarehe, mahali, jina la anayeongea, alafu muulize, "mzee, tunarekodi, tunaruhusiwa kuwasikilizisha watu wa mtaa? Na watoto wako walio nje?" Jibu lake libaki kwenye rekodi. Nchi ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata bila sheria ni adabu tu. Akisema "hii ya mwisho isitoke" isitoke, ifute mbele yake aone.

Faili lipe jina siku hiyohiyo, tarehe kwanza alafu jina alafu neno moja, "luwombo", "treni", "fundi". Ukisema utafanya wikendi utakuwa na mafaili arobaini yasiyojulikana. Nakala moja kwenye memori kadi, moja kwenye fleshi inayokaa kwa mtu mwingine kabisa, nyumba nyingine. Simu zinaibiwa, tunaishi Jinja hapa.

Picha za zamani

Waambie watu walete picha, ila zisitoke kwenye nyumba ya mwenyewe bila mwenyewe. Aje nazo, mzipige palepale, arudi nazo. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu usijaribu kubandua, picha itabaki na ngozi yake kwenye gundi, piga ikiwa humohumo. Kaa kwenye kivuli chenye mwanga, mlangoni au chini ya mwembe, zima flashi, simama sawa juu ya picha, mtoto ashike kanga nyeusi nyuma yako kama plastiki inang'aa. Geuza nyuma pia upige, studio za zamani walikuwa wanagonga mhuri na wakati mwingine tarehe, hiyo ni dhahabu.

Alafu taja majina kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sauti, simu inarekodi. Msiruke watoto wa pembeni. Mara nyingi yule mtoto aliyejificha nyuma ya sketi ndo pekee aliye hai na hajui kama kuna picha yake duniani.

Ukituma kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na sura zinapotea. Ndio inakula bando, tunajua bei ya data ilivyo na ile kodi ya asilimia 12 juu yake, basi tumeni chache zile nzuri na nyingine ziende kwa fleshi.

Yale magumu

Yatakuja. Kwenye mtaa kama wetu mmekaa pamoja watu ambao ndugu zao walikuwa pande tofauti. Wa West Nile, kwao Amin, atakumbuka Idi ya ukimbizini Zaire au Sudan baada ya 79, na jirani yake anayemuazima chumvi atakumbuka kilichomfanya ashangilie Amin alivyoondoka. Wote wawili wanasema kweli. Mwenye kuongoza kikao asiamue, asiseme "tuyaache hayo ya zamani" na asichimbe pia. Aulize kuhusu siku yenyewe tu: mlikula nini huko ukimbizini, nani aliongoza swala, nguo mlipata wapi. "Nani alimuua" sio swali la jioni ya sikukuu.

Mtu akilia muacheni alie, mama mmoja akae karibu naye, rekodi izimwe bila kutangaza, na mwingine aendelee na hadithi yake kwa sauti ya kawaida. Kosa ni kimya cha wote kumwangalia.

Urithi, viwanja, mtoto ni wa nani, nani alirogwa: simu inazimwa na mada inabadilishwa. Hizo hadithi ni tamu najua, mimi mwenyewe nazipenda, lakini zinafanywa na watu wawili jikoni.

Kusoma majina

Saa kumi na mbili na nusu hivi, kabla ya giza na mbu, yule mwenye kaunta buku asimame asome majina yaliyoandikwa siku hiyo. Jina na kitu chake. "Mama wa nyumba ya mwisho, aliyekuwa anagawa mandazi ya Idi kwa watoto wa dini zote." "Mzee wa smelta, aliyekuwa anajivika ndevu za pamba Krismasi." Asiongeze sifa. Watu wataongeza wenyewe, na wengine watacheka, na mtu wa nyuma atapaza sauti "mmemsahau fulani!" na mtamuongeza, hicho ndo kipande kizuri kuliko vyote kwa hiyo msikimbize.

Dua iwe mbili fupi. Muislamu aombe kwa njia yake, waisome Fatiha, Mkristo aombe kwa njia yake, kila mmoja dakika mbili tatu na wamekubaliana hivyo kabla. Muwe wakali hapo, kuna wachungaji hawajui dakika mbili ni nini. Mishumaa na picha za marehemu mezani waulizeni kwanza wenyewe, familia nyingine hazipendi. Na msitaje jina la mtu ambaye familia yake bado haijamaliza matanga au haijafanya arobaini bila kuwauliza, wengine wana mpangilio wao, Waganda kwa mfano mpaka olumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba, ifanywe na mrithi asimame ndo mambo yanakaa sawa.

Baada ya hapo

Ndani ya wiki hiyohiyo, sio mwezi, kijana mwenye mwandiko mzuri anakili majina kwenye kaunta buku safi, nakala tatu. Moja kwa LC1, moja msikitini au kanisani, moja kwa yule mama ambaye hahami, kila mtaa unaye. Mwaka ujao mnaanza kwa kusoma ya mwaka huu, alafu mnaongeza.

Waliohama nao watafuteni. Kuna watu wa laini yetu wako Juba, Nairobi, London, kuna familia za Kihindi ziliondoka 72 na wajukuu wanarudi siku moja moja kuja kupiga picha nyumba ya babu wakashindwa kujua hata pa kugonga hodi. Watumieni picha moja na swali moja, lisiwe refu: "huyu aliyesimama nyuma ya baiskeli ni nani?" Swali moja tu linajibiwa, yakiwa kumi yanawekwa kando mpaka yasahaulike. Wengine watarudisha voisi ya dakika ishirini saa tano za usiku kwa sababu huko kwao bado jioni, kwa hiyo grupu liwekeni kimya mkienda kulala, asubuhi mtasikiliza mkinywa chai.